Kabla ya Kukopa Jenereta, Hesabu Umeme Wako Unaishia Wapi

Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulinikuta na oda ya sare za shule za Januari. Karakana yangu ya ushonaji ipo Morogoro: vyerehani vinne vya umeme, ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke), pasi moja, mafundi watatu wanaolipwa kwa kipande. Umeme ukikatika saa mbili asubuhi, tunakaa. Ukirudi jioni, tunashona mpaka usiku wa manane macho yakiwa mekundu. Fundi wa kipande akikaa siku nzima bila kushona, jioni anarudi kwake mikono mitupu, na watoto wanamsubiri. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko hata oda yenyewe.

Kama wengi, nilifikiria jenereta. Nilikuwa nimeshazungumza na kikundi chetu cha kukopeshana, na fedha ilikuwa karibu kutoka. Nikamwita fundi umeme anishauri ninunue ya ukubwa gani. Alifika wakati wa chai, umeme ukiwepo, mafundi wakiwa nje na vikombe vyao. Akasimama katikati ya chumba akisikiliza, kisha akaniuliza:

"Dada, hakuna anayeshona humu. Mbona mota zinaunguruma?"

Nilikuwa nimeusikia mngurumo ule kwa miaka sita, na sikuwahi kujiuliza. Mota za zamani za vyerehani vya kiwandani, zile nzito zinazoning'inia chini ya meza, huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa. Kanyagio kazi yake ni kuunganisha tu mzunguko huo na mashine. Fundi anapogeuza kitambaa, anapokata uzi, anapoinuka kunywa maji, mota inaendelea kula. Zipo mota za aina nyingine, za sevo, ambazo huzunguka unapokanyaga na kutulia unapoachia. Siku iliyofuata nilikaa kando ya fundi mmoja na saa ya simu, nikapima muda ambao sindano inatembea kweli. Katika saa nzima ya kazi ya bidii, ilitembea kama dakika 20. Dakika 40 nilizilipia bure, kila saa, kwa kila mashine.

Tukahamia kwenye pasi. Kibandiko chake kilisema wati 1,000. Hapa nataka ukae na kalamu, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyobadilisha uamuzi wangu. Tuseme badala ya jenereta unachukua sola. Betri yake ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 hivi. Betri ya risasi na asidi ukiinyonya kupita nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo unabaki na 600 za kutumia. Pasi yangu ikiwaka mfululizo inazimaliza kwa dakika 36. Wati-saa hizohizo zinaweza kuwasha taa tano za LED za wati 9 kwa saa kama 13. Mtu akinunua sola halafu akachomeka pasi, wiki ya pili atasema sola ni utapeli. Si utapeli. Pasi haikupaswa kuwa pale.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye karakana, saluni, mashine ya kusaga au duka la vinywaji baridi: kabla hujatoa shilingi moja, chukua karatasi uandike kila kifaa, wati zake na saa zinazotumika kwa siku, kisha uzidishe. Usiamini kibandiko peke yake. Zima kila kitu, soma uniti kwenye mita ya LUKU, washa kifaa kimoja kwa saa moja, soma tena. Ni kazi ya siku moja, haina gharama, na majibu yake hutayapata kwa muuzaji yeyote, kwa sababu yeye hajui unavyofanya kazi.

Fedha ya jenereta sikuichukua yote. Nilichukua sehemu yake tu, nikabadilisha mota mbili kuwa za sevo, nikanunua paneli na betri za kutosha mashine hizo mbili pamoja na taa. Pasi ya umeme nikaiweka kabatini, nikatoa pasi ya mkaa. Hapo nina onyo: dirisha liwe wazi daima, maana moshi wa mkaa una sumu usiyoisikia kwa pua, na shati jeupe lipigwe pasi juu ya kitambaa kingine, cheche moja inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Vyerehani viwili vya miguu vilivyokuwa stoo kwa mama mkubwa vikarudi kazini kushona pindo na vifungo. Sioni aibu kuviita teknolojia. Chombo kinachofanya kazi saa ambayo vingine vimekufa, ambacho fundi wa mtaani anakitengeneza kwa bisibisi na mafuta, kinastahili heshima hiyo.

Ovaloki ilibaki kwenye umeme wa gridi. Badala ya kuitafutia betri kubwa, tulibadilisha mpangilio wa kazi: vipande vyote vinakatwa na kufungwa kwa saizi, vinasubiri kwenye kapu, na umeme ukirudi fundi mmoja anavipitisha ovaloki kwa mkupuo. Wazo hilo alilitoa binti mdogo kuliko wote karakanani. Nami nilikuwa mwezi mzima naumiza kichwa bila kuwauliza wanaokaa kwenye mashine.

Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yake tisa yenye jumla ya megawati 2,115 ikaendelea kuwashwa mmoja baada ya mwingine, tulipumua. Hata hivyo mota za zamani sikuzirudisha. Umeme uwe mwingi au haba, uniti zinanunuliwa.

Nikadhani sasa nimejipanga. Mei mwaka huohuo nikagundua nimeziba tundu moja na kuacha jingine wazi.

Vipimo vya wateja nilikuwa nimevihamisha kutoka kwenye daftari kwenda kwenye jedwali la mtandaoni, nikijisifu kwamba hata nikiibiwa simu havitapotea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na intaneti ikasuasua nchini kwa siku kadhaa. Mezani nilikuwa na vitenge vya kamati nzima ya harusi, mkasi mkononi, na jedwali halifunguki. Nikaanza kupiga simu kwa akina mama mmoja mmoja: "Shikamoo mama, samahani, naomba ukajipime tena kiuno." Wengine hawakuwa na futi kamba nyumbani. Gauni mbili zilibana, nikazirudia kwa gharama yangu.

Siku hizi jedwali linakaa ndani ya simu yenyewe, linafunguka hata bila bando. Kila Jumamosi jioni tunanakili vipimo vipya kwenye kaunta buku, kwa kalamu. Inachukua nusu saa. Kwenye malipo nako nilijifunza kitu: wateja waliotumia programu ya simu walikwama, ila waliobonyeza *150*00# fedha zao za M-Pesa ziliniingia, kwa kuwa menyu ile haitegemei intaneti. Tangu hapo kila mteja mpya namwonyesha njia zote mbili, hasa vijana ambao hawajawahi kuibonyeza menyu hiyo.

Kuhusu kununua vitambaa Kariakoo kwa picha za WhatsApp, nasema machache tu. Inaokoa nauli na siku nzima ya kufunga karakana, na mtaji mdogo haulali kwenye majora usiyoyahitaji. Lakini rangi ya kwenye kioo cha simu si rangi ya kitambaa. Nilipokea majora mawili ya kijani ambacho shule haikukikubali. Omba kipande cha inchi chache kitumwe kwanza kwa basi, ukiweke kando ya sare ya zamani, nje, juani. Ndipo ulipe.

Sehemu ya fedha inayobaki kwenye uniti nimeiongeza kwenye malipo ya kipande, kwa kuwa mafundi ndio wanaokumbuka kuzima swichi. Karatasi ya wati imebandikwa karibu na mita na kila mmoja anaisoma. Ninayoiwazia sasa ni ovaloki, bado inaunguruma na mota yake ya zamani. Nahofia nikiiwekea sevo kasi itashuka, na ovaloki ya nyuzi tano isipokimbia haina faida kwangu. Kama umewahi kubadilisha ya kwako, niambie ulifunga mota ya wati ngapi na sindano ilikwendaje.