Jibu: Nywila zinafeli mara mia kwa saa, ni mtu kasahau au navamiwa?

Mkuu hapo cheki mwendo wake. Mtu aliyesahau nywila anakosea mara tatu nne, anakasirika, anaomba ibadilishwe, basi. Roboti (programu ya mvamizi inayojaribu nywila yenyewe) halichoki, linagonga bila kupumzika hata saa tisa usiku. Kama seva ni Ubuntu (aina ya Linux) fungua /var/log/auth.log, faili linaloandika kila jaribio la kuingia, utafute "Failed password" (nywila imekataliwa), ukiona majina ya watumiaji kama root, admin, test, oracle yanafuatana kutoka IP moja (anwani ya mashine kwenye mtandao) na wewe huna hata mtumiaji anaitwa oracle, hapo hamna cha kujiuliza. Kwa Windows kuingia kulikofeli ni tukio namba 4625 kwenye Event Viewer, log ya Security.

Ila wapo wajanja wengine, na hao ndo wananitisha mimi, wanachukua nywila moja tu wanaijaribu kwenye akaunti zote, kila akaunti inafeli mara moja kwa hiyo haijifungi na wewe huoni kitu, sasa usihesabu kwa akaunti peke yake, hesabu na kwa IP.

Halafu kabla hujazuia chochote tafuta "Accepted password", yaani nywila imekubaliwa (tukio 4624 kwa Windows), kutoka IP hizohizo. Ikiwepo ujue washaingia, chomoa mashine kwenye mtandao kwanza ndo uje tuongee.