Darasa moja, kasi hamsini: maswali yenu kuhusu zana za mtandaoni

Nina wanafunzi zaidi ya 50 katika chumba kimoja. Nitawezaje kumpa kila mmoja somo linalomfaa yeye? (Mwalimu wa hisabati)

Hutaweza, mwalimu mwenzangu, na asikudanganye mtu. Bahati nzuri huhitaji masomo 50. Wanafunzi wanaokosa swali moja huwa wamelikosa kwa njia tatu au nne tu. Kazi ya zana ya mtandaoni ni kukuonyesha nani kakosea kwa njia ipi, kabla hujaingia darasani kesho.

Chukua desimali. Uliza: ipi kubwa, 0.35 au 0.4? Anayezisoma desimali kama namba nzima atachagua 0.35, maana 35 inaizidi 4. Sasa uliza: ipi kubwa, 0.6 au 0.73? Huyo huyo atapata, nawe utamwekea vema ukidhani ameelewa. Lakini yupo mwingine aliyeshika kuwa namba fupi ndiyo kubwa siku zote, kwa kuwa alisikia sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Yeye atapata swali la kwanza na kukosa la pili. Wote wawili wana alama moja kati ya mbili, na kila mmoja anaumwa ugonjwa wake.

Basi tengeneza fomu ya Google yenye maswali sita ya jozi za namna hiyo, wajibu kwa dakika kumi. Jumla ya alama iache kwanza. Fungua jedwali la majibu usome swali kwa swali nani alichagua nini. Kesho yake kundi la kwanza liandike 0.4 kama 0.40 kabla ya kulinganisha, la pili lizipange namba kwenye mstari wa namba, na waliopata yote watunge maswali ya kuwatega wenzao. Hiyo kazi ya mwisho wanaipenda kuliko kitu chochote utakachowapa.

Shule imenunua programu inayompangia kila mwanafunzi zoezi lake na kulisahihisha. Mimi nibaki nikifanya nini? (Mwalimu, mwaka wa 22 kazini)

Swali lako ni la zamani kuliko wewe na mimi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani alionyesha mashine ya kumfundisha mtoto hatua kwa hatua kwa kasi yake mwenyewe. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanza mradi wa PLATO wa kufundisha kwa kompyuta. Walimu hatujaondoka.

Programu huona jibu, daftari hailioni. Niliwahi kusimama nyuma ya kijana mmoja akibonyeza kitufe cha kidokezo mara nne mfululizo, hadi jibu lenyewe likajitokeza. Akalinakili. Programu ikampongeza kwa nyota na kumpandisha ngazi. Nilipomwuliza, "Umepataje?" akatazama dari.

Kazi yako ndiyo hiyo: pita kati ya madawati uulize "umepataje?" Muda uliokuwa unaumaliza kusahihisha madaftari usiku, utumie kukaa dakika tano na wale wanne ambao ripoti inaonyesha wamekwama mahali pamoja tangu Jumatatu. Na ripoti ikisema fulani amemaliza mada yote kwa dakika saba, usifurahi haraka.

Intaneti yetu ni ya kubahatisha na simu ni yangu tu. Haya yote si ya wenzetu wenye nacho? (Mwalimu wa sayansi)

Si yote. Kolibri, programu ya masomo ya kompyuta, imetengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Unapakua masomo mara moja kwenye kompyuta palipo na mtandao, kisha vifaa vingine vinaunganishwa na kompyuta hiyo darasani bila intaneti. Video na mazoezi ya Khan Academy, tovuti ya masomo, yamo humo.

Kama kifaa ni simu yako peke yake, jaribu Plickers, programu ya simu ya kukusanya majibu ya darasa zima. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama yake. Anaigeuza upande wa A, B, C au D, nawe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa. Unajua nani kajibu nini, na aliyekosa hajaaibika, kwa sababu jirani yake hawezi kuisoma kadi.

Je, nianze kwa kuwapima nani hujifunza kwa kuona na nani kwa kusikia? (Mwalimu mwanafunzi)

Usipoteze muda. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulitumia darasani. Pima wanachojua.

Binti yangu amewekwa na programu kwenye kundi la chini. Sasa anasema yeye si mtu wa hesabu. Nimwambie nini mwalimu wake? (Mzazi)

Pole, mama. Mwombe mambo mawili. Kwanza, kundi liwe la mada, lisiwe la mtoto: anayehangaika na desimali wiki hii huenda akaongoza kwenye maumbo wiki ijayo, na jedwali la makundi lipangwe upya kila mada inapobadilika. Pili, ubao wa washindi uzimwe. Programu nyingi za chemshabongo zina mpangilio wa kuuficha. Majina matatu ya juu hufurahisha watoto watatu.

Naweza kuipa akili mnemba kazi ya kutunga zoezi moja kwa ngazi tatu? (Mwalimu wa lugha)

Unaweza, na hapo inasaidia kweli: ipe kifungu cha habari uliyokwisha kuifundisha, iombe maswali mepesi, ya kati na magumu. Kisha jibu kila swali wewe mwenyewe kabla ya kuligawa, kwa sababu hukosea kwa kujiamini sana. Usibandike humo majina ya wanafunzi, alama zao wala maelezo ya nyumbani kwao. Andika "mwanafunzi A anachanganya wakati uliopo na uliopita," inatosha kabisa kukutungia zoezi.