Waulize Wahariri: Kucheka na Vichwa vya Habari vya Zamani

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mimi ni mlezi wa klabu ya uandishi katika shule ya sekondari hapa Nyakato, Mwanza. Wanafunzi huchukua kichwa cha habari cha kale, wakabuni yangefuata nini kama kingekuwa kweli, kisha wakabandika ubaoni. Hakuna anayecheka. Juzi walichukua habari ya mwaka 1835 ya watu wenye mabawa mwezini, wakamalizia kwa "dunia nzima ikawa vurugu". Tunakosea wapi?
*Mwalimu, Nyakato*

JIBU: Mwalimu, kosa liko kwenye hiyo "dunia nzima". Hakuna msomaji anayeweza kuiona dunia nzima. Anamwona mama mmoja na beseni lake la dagaa.

Habari yenyewe ni nzuri, msiitupe. Agosti 1835 gazeti la The Sun la New York lilitoa mfululizo wa makala sita likidai kwamba mwanaastronomia John Herschel ameona mwezini viumbe kama watu, wenye mabawa ya popo. Herschel alikuwapo kweli Rasi ya Tumaini Jema na darubini yake, ila makala hizo zilitungwa bila yeye kujua.

Badilisheni kitu kimoja tu, kisha mkiache kitembee kwa pingili, kama muwa: kila pingili iote juu ya iliyotangulia. Tujaribu hapahapa ziwani. Kitu kimoja: watu wa mwezini wamesikia kwamba wanachunguliwa, wakashusha mapazia. Mwezi umekuwa giza mwezi mzima.

Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa sababu taa ndizo zinazowavuta dagaa, na mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu. Siku zile za mwezi mpevu ndizo zao za kupumzika. Sasa mapumziko hayapo, kila usiku ni kazi. Dagaa wanazidi mchanga wa kuanikia, wanapanda juu ya mabati, wakijaa huko wanahamia uwanja wa mpira. Mechi inachezwa hivyohivyo, ila kipa amekatazwa kuruka upande wa kushoto maana pale pameanikwa magunia matatu ya mama mwenye uwanja. Bei inaporomoka, wafugaji wanalisha kuku dagaa asubuhi na jioni, mayai yanatoa shombo. Muuza chipsi mayai wa Makoroboi anaona wateja wanaagiza chipsi bila mayai. Anakaa na wavuvi, ambao wanasinzia wakiwa wamekaa, wanaandika barua kwa mhariri wa New York: tafadhali kanusha, wenzetu wafungue mapazia.

Angalieni, uongo ni mmoja tu, ule wa mapazia. Taa na dagaa, mchanga na shombo, kila mkaaji wa ufukweni anavijua, na kuku akizidishiwa dagaa yai kweli hunuka. Msomaji akishatambua viwili vitatu, anawakubalia na cha nne. Lakini mkiingiza sangara anayeongea kwenye pingili ya tatu, mmeanza uongo wa pili na mnyororo umekatika. Hapo ndipo kazi nyingi za wanafunzi hufia.

Pingili nne au tano zinatosha, maneno 120 hadi 150. Ya mwisho irudi kwa gazeti lililoanzisha. Waandike kwa uso mkavu, kama taarifa ya habari: alama za mshangao zote zifutwe, na "hahaha" pia.

SWALI: Mbona mifano ni ya Marekani tu? Vya Kiswahili havifai?
*Kijana, Kirumba*

JIBU: Vinafaa sana, ila vinafanya kazi kwa njia nyingine. "Dewey amshinda Truman", kichwa kuhusu uchaguzi wa rais wa Marekani kilichotoka katika Chicago Daily Tribune tarehe 3 Novemba 1948, ni habari isiyo kweli: wachapaji walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema kabla kura hazijahesabiwa za kutosha, na Truman akashinda. Hapo mnauliza, "Kingekuwa kweli je?"

Kiswahili kina utajiri wa maneno yenye maana mbili. Chukua kichwa cha mfano, "Kata ya Igoma yapata maji". Kata ni eneo la diwani, na kata ni kile cha kuchotea maji mtungini. Basi ni kata moja, imejaa, na Igoma nzima imepanga foleni nyuma yake. Au "Bei ya sangara yapanda": inapanda wapi? Ikiwa imeshafika kilima cha Bugando, muuzaji atabebaje mzani wake hadi huko? Tafuteni vitenzi hivi: kupanda, kushuka, kupita, kukwama, kuiva. Magazeti ya kufungia karanga na maandazi yamejaa vichwa vya namna hii, someni kabla ya kutupa.

SWALI: Nina sanduku la marehemu baba, ndani limetandikwa magazeti ya zamani. Nikigusa yanavunjika. Nitayanakilije?
*Mama, Bwiru*

JIBU: Pole, mama. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi. Mwanga na hewa huigeuza njano, kisha ikakatika kwenye mikunjo. Usiivute kwa pembe. Ingiza kadibodi nyembamba chini yake, inua vyote pamoja. Mikono iwe mikavu. Piga picha kivulini mchana, bila mmweko, simu ikiwa sambamba na karatasi, na uchukue jina la gazeti na tarehe hata kama unataka kichwa peke yake. Selotepu usiiguse kabisa: gundi yake hugeuka kahawia, ikapenya hadi upande wa pili. Laza kurasa bila kuzikunja, mbali na ukuta wenye unyevu.

SWALI: Tulichobuni kikisambazwa kwenye simu kama habari ya kweli?
*Mwanafunzi, Nyamagana*

JIBU: Ni jambo zito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa taarifa za uongo zenye nia ya kupotosha umma. Msitumie nembo ya gazeti lililopo wala jina la mtu aliye hai. Chini ya kila kipande andikeni mstari mmoja: gazeti gani, tarehe gani, ukweli ulikuwaje. Vichwa vya maafa viacheni kabisa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na hapa Mwanza bado wapo wanaowalilia watu wao. Neno KUBUNI liwekwe katikati ya maandishi, kwa herufi kubwa, kwa sababu likikaa pembeni mtu hulikata kwa kidole kimoja kabla ya kutuma.