Namba 0.08: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya magari yanayojiendesha

Wiki iliyopita nilikuwa napitia msimbo wa kijana aliyejiunga nasi Mei, mtoto wa Mwanza, ana akili nzuri na haraka nyingi. Kwenye faili la mipangilio ya laida, kile kihisio kinachopima umbali kwa miale ya leza, nikakuta kaongeza mstari mmoja: 0.06. Pembeni kaandika, "bila hii vitu vinaruka." Niliinuka, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Kiangazi cha 2019 namba yangu mimi ilikuwa 0.08, na maneno ya pembeni yalikuwa karibu hayo hayo. Nimeshaiona namba hiyo ikizaliwa mikononi mwa watu wanne sasa, wote wachapakazi, wote wenye nia njema. Ndiyo maana naandika.

1. Panda gari. Mwezi wako wa kwanza kaa kiti cha nyuma zamu kumi, siyo moja ya kupiga picha. Grafu haitakuambia kwamba breki imekurusha mbele, tumbo ndilo litakalokuambia. Na ukiwa humo, ongea na dereva wa usalama, yule anayekaa na mikono karibu na usukani saa nane mfululizo. Hakuna mtu kwenye kampuni anayelijua gari kuliko yeye.

2. Muhuri wa muda ni wa kupima, siyo wa kufika. Hapa vumilieni, nitakaa kidogo.

Laida yetu ilikuwa inazunguka mara 10 kwa sekunde, na mimi ndiye niliyepewa kuandika programu ya kupokea data zake. Kila data ilipofika kwenye kompyuta niliigongea muhuri wa saa ileile iliyofika. Lakini tangu mwali ugonge kitu mpaka data inifikie zilikuwa zinapita kama milisekunde 80. Laida yenyewe iliweza kulinganisha saa yake na ya kompyuta kwa PTP, utaratibu wa kusawazisha saa za vifaa kupitia mtandao, ila ilitaka siku tatu za kuhangaika na swichi ya mtandao, na onyesho lilikuwa Ijumaa. Basi nikatoa sekunde 0.08, yaani zile milisekunde 80, kwenye kila muhuri. Grafu zikanyooka. Kwenye kikao cha asubuhi nikapigiwa makofi.

Mnajua wenyewe hesabu yake. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukikosea sehemu ya kumi ya sekunde, umeweka kitu mita 1.4 mbele ya kilipo. Kwenye kona ni balaa zaidi, maana gari linageuka huku data yako imelala: nyuzi mbili tu za kosa, na mtu aliye mita 40 mbele anahama zaidi ya mita moja kwenda pembeni. Anatoka kwenye njia ya gari. Kwenye ramani yako yuko salama.

Dereva wetu wa zamu ya mchana alikuwa mama wa makamo, zamani aliendesha basi la shule. Wiki tatu mfululizo aliandika kwenye ripoti ya zamu: "Linachelewa kwenye kona za kushoto. Mchana tu. Asubuhi halifanyi." Uchunguzi wote umo kwenye sentensi hizo tatu, nazikumbuka mpaka leo. Nilichukua logi (rekodi ya data za gari) ya asubuhi kwa sababu ilikuwa fupi, nikairudia, safi. Nikaenda kwenye simulesheni, ambayo haina joto wala kebo, ikapita majaribio yote. Nikafunga ripoti yake kwa neno moja: hairudiki.

Julai ya Arizona, saa nane mchana, uwanja wa majaribio uliofungwa. Kompyuta kwenye buti imechemka na imejipunguzia kasi yenyewe, na milisekunde zangu 80 zimeshafika karibu 200 bila mtu kujua, maana 0.08 imekaa palepale. Sanamu la mtu juu ya baiskeli linavutwa kukatiza kona ya kushoto. Gari haliguswi na habari hiyo, linaendelea. Mama alikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Alishuka, akazunguka mbele, akainama, akapima kwa mkono nafasi kati ya bampa na gurudumu la baiskeli. Shubiri mbili. Akanitazama mimi niliyekuwa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ulisoma nilichoandika?"

Kwenye kikao cha jioni nilisema tatizo ni joto. Haukuwa uongo, na hapo ndipo ninapoumia mpaka leo, kwa sababu nilijua kwamba joto lilifichua tu kitu nilichokipanda mimi, na niliwaacha watu wa maunzi wabebe lawama usiku mzima. Mama alikuwa chumbani humo, amenyamaza. Sikulala. Nilichukua logi yake ya mchana, nikazipanga nukta zote za laida kwenye ramani wakati gari linakata kona, jambo la dakika kumi ambalo ningeweza kulifanya wiki tatu nyuma. Nguzo moja ya taa ilitokea kama nguzo tano, zimejipinda kama upinde. Asubuhi nikamfuata mkuu wa timu, nikamwonyesha picha ile na mstari wangu. Halafu nikamfuata mama.

Sasa mkiniona nakuwa mkali kwa namba kama hiyo iliyokaa kwenye faili, mjue naona shubiri mbili.

3. Someni ripoti ya Tempe, yote. Tarehe 18 Machi 2018 gari la majaribio lilimuua mwanamke aliyekuwa anasukuma baiskeli kuvuka barabara usiku, hapa hapa Arizona. Ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoka Novemba 2019, miezi minne baada ya nguzo zangu tano, na niliisoma nimesimama. Vihisio vilimwona sekunde 5.6 kabla. Mfumo ukawa unabadili jina: gari, kitu kisichojulikana, baiskeli, na kila ulipobadili jina ulitupa historia ya mwendo wake, kwa hiyo haukujua anaelekea wapi. Na mlikuwa na kipengele kilichochelewesha hatua kwa sekunde moja nzima, kimewekwa kwa sababu gari lilikuwa linashtuka ovyo. Wenzetu wale walikuwa wahandisi kama ninyi. Waliona dalili inakera, wakaifunika.

4. Madogo madogo. Andika kipimo ndani ya jina la kigezo, radiani au nyuzi, sekunde au milisekunde. Saa ya GPS imeitangulia UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18, kwa hiyo ukikuta tofauti ya 18 kamili usifungue gari. Usiguse kalibresheni ya kamera baada ya gari kuoshwa bila kuuliza nani kaosha. Na mjomba akikuuliza kwenye simu kama gari lako litaweza Kariakoo, mjibu kwa heshima kwamba limepimwa kwa mtaa fulani, kasi fulani na hali ya hewa fulani, basi.

5. Kampuni zinakufa. Argo AI ilifungwa Oktoba 2022. Desemba 2024 GM iliacha kugharamia teksi za Cruise. Ukiwa na H-1B, viza ya kazi ya Marekani, una hadi siku 60 tu baada ya kazi kuisha, kwa hiyo weka akiba na usiache C++ na hesabu za makadirio zikakulia kutu. Migodi nayo inataka malori yanayojiendesha.

Kijana wa Mwanza nilimrudishia msimbo na neno moja: PTP. Akanuna kidogo. Jana usiku alikuwa bado karakana, kajikunja ndani ya buti na tochi mdomoni, anafuata kebo ya njano kutoka laida mpaka kwenye swichi. Saa nne na nusu akanipigia, nimeshalala. Tofauti ya saa imeshuka chini ya mikrosekunde moja, kaka, inakaa! Nilimpongeza kwa moyo wote, nikamwambia apime tena leo saa nane mchana, na asipande peke yake, aende na dereva.