Barua kwa mwanangu: Ijumaa msilale Kigamboni

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Unasema mnakuja watano kutoka Dodoma kwa mashindano ya bao, drafti na keram pale Magomeni, Dar, na mchezo unaanza Jumamosi saa mbili asubuhi. Umeuliza mambo mawili: mfikie nyumbani Kigamboni siku ya Ijumaa ili muokoe hela ya gesti, au mlale mjini? Na lile bao kubwa la mninga mje nalo, au mliache huko?

Ijumaa msilale nyumbani. Njooni Jumamosi usiku mashindano yakiisha, mlale, na Jumapili mwondokee hapa. Mama yako hakulipenda jibu hili, ila ameshindwa kulipinga.

Kati ya Kigamboni na Magomeni mna maji mara mbili. Maji ya kwanza ni ya bahari, mnayavuka kwa pantoni. Vyombo vyote vikifanya kazi mnavuka mara moja. Kimoja kikiharibika, watu wanajazana getini na hakuna wa kukwambia utavuka saa ngapi. Maji ya pili ndiyo mabaya zaidi kwa sababu mgeni hayafikirii: ni bonde la Msimbazi pale Jangwani. Basi la mwendokasi likitoka Kivukoni linapita Posta ya Zamani, Kisutu, DIT na Fire, halafu linashuka Jangwani ndipo lifike Magomeni Mapipa. Mto ukifurika barabara inafungwa na mabasi yanakatisha safari. Wala si lazima mvua inyeshe mjini. Msimbazi unatokea huko vilima vya Pugu, kwa hiyo usiku unaweza kulala pakavu Kigamboni, asubuhi ukakuta Jangwani imejaa. Angalia tarehe yenu: masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Njia ya kuzunguka ipo, daraja la Nyerere, Kurasini, barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha mnarudi na barabara ya Morogoro. Lakini hiyo ni safari ya kuufuata mji kwa nyuma, na msimamizi akishaita jina mara tatu anaandika umeshindwa.

Basi tafuteni gesti upande uleule wa mchezo: Magomeni yenyewe, Mwembechai au Manzese, na mbali kabisa iwe Sinza. Kariakoo itawavuta kwa sababu gesti ni nyingi na stesheni ya treni ya SGR ipo karibu, ila Kariakoo nayo iko ng'ambo ya Jangwani. Ukipiga simu gesti, uliza kwanza habari ya vitanda. Gesti nyingi haziruhusu wanaume wawili chumba kimoja chenye kitanda kimoja, na jambo hilo watu huambiwa mapokezini saa tatu usiku wakiwa na mizigo mkononi. Wewe na mwenzako wa kike chukueni chumba kimoja. Kwa wanaume watatu taja kabisa kwamba unataka chumba cha vitanda viwili na kingine cha mtu mmoja. Kisha uliza kama pana baa au ukumbi wa muziki jirani. Ijumaa usiku Magomeni na Sinza hailali, na mtu aliyekesha kwa spika za jirani hahesabu kete vizuri.

Usafiri: pandeni treni. Kwa reli ni kama kilomita 460, saa nne hivi au pungufu kidogo kwa treni ya haraka, wakati basi linakula karibu siku nzima. Basi lina faida moja tu, kwamba linaishia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, na kutoka hapo hadi Magomeni huvuki Jangwani. Kwa hiyo mkikosa treni, au mkisikia mafuriko, basi si dhambi. Tiketi za Ijumaa na Jumapili ndizo zinazowahi kwisha. Kateni mapema, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, na kila mtu awe nacho mkononi. Chagueni treni itakayowafikisha kabla ya jua kuzama. Hata njia ikisumbua jioni hiyo mtakuwa na usiku mzima wa kufika Magomeni.

Sasa bao. Liacheni. Ni zito, ndani ya mwendokasi wa jioni halina pa kukaa, na kwenye bodaboda abiria akilipakata atalidondosha. Mwenyeji wa mashindano ndiye anayetoa mabao, ili asiwepo anayechezea shimo alilolizoea. Ninyi bebeni kete. Chukueni komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea, 64 zilizolingana ukubwa na nyingine kama 6 za akiba, kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba. Kete za mwenyeji mara nyingi zimechanganyika, komwe, kokoto na gololi, na gololi kwenye shimo la kina kifupi inarukia shimo la jirani ukitupa kwa kasi.

Kabla ya kila mchezo hakikini kete, na njia rahisi ni hii: jaza mbilimbili kila shimo. Bao lina mashimo 32, kwa hiyo zikienea bila kubaki wala kupungua, zimetimia 64. Ndipo mpange bao la kiswahili: kila mmoja anaweka 6 kwenye nyumba, lile shimo kuu la safu yake ya mbele, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi. Mtu akianza na 21 bila kujua, kosa linaonekana kete za namua, yaani hizo za mkononi zinazoingizwa moja moja, zinapokwisha, na hapo hakuna tena wa kulirekebisha. Utasikia makelele tu.

Kama mnataka kunoa mikono Ijumaa usiku gesti, chukueni trei mbili za mayai. Trei moja ina safu 5 za mashimo 6. Kata ya kwanza ibaki safu 4 za mashimo 6, ya pili ibaki safu 4 za mashimo 2, zigundishe: bao kamili la mashimo 32, linakaa kwenye begi. Wino kidogo kwenye shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, safu ya mbele ya kila upande, hiyo ndiyo nyumba.

Jambo ambalo hujaniuliza, nami ningetaka uliulize kabla hata ya kukata tiketi, ni sheria za huyo mwenyeji. Bao ni moja lakini kila baraza lina mazoea yake, na wachezaji wako wamezoeana wenyewe kwa wenyewe. Mpigie msimamizi, au bora mwandikie ili ajibu kwa maandishi. Muulize nyumba: ukiwa unakula, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako iliyo hai, una hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzichukua kete zake na kuendelea? Wengi huchezesha hivyo, na ukiwa unatakata tu, yaani unacheza bila kula, unalala hapo bila hiari. Muulize wanachezaje takasia, yaani kumfungia mpinzani shimo asilicheze, maana hapo ndipo wageni wanapoliwa huku wanabisha. Muulize kama shimo lenye kete zaidi ya 15 linaweza kuwa mtaji, yaani shimo la kuanzia kula. Muulize mchezaji aliyekwisha kuiachia kete shimoni kama anaruhusiwa kuirudisha. Na ushindi wa mkononi, yaani mtu kumalizwa kabla kete za namua hazijaisha, unahesabiwa bao moja au zaidi? Majibu yachapishe nakala tano. Kuna wazee pale Dar watakaokucheka kwa kubeba karatasi kwenye bao, wacheke.

Kwenye drafti muulize pia: kula ni lazima au hiari, kete ya kawaida inakula kinyumenyume au kingi peke yake, na kingi anaruka umbali gani. Mchezaji wako wa drafti akijua hayo matatu hana kingine cha kuogopa.

Wa keram ana tatizo la hewa. Dodoma ni kukavu, Dar kuna unyevu, na pauda ikishika unyevu inajikusanya vidonge ubaoni, kete zinagoma kuteleza na pigo linaishia njiani. Abebe straika yake, kete kubwa ya kupigia, aliyoizoea na pauda yake kwenye kopo linalofunga vizuri, alifungue wakati wa kucheza tu. Kwenye mapigo ya majaribio aongeze nguvu kidogo kidogo hadi mkono uzoee. Ubao wenyewe asibebe, hauingii mlango wa gari kwa heshima.

Swali jingine kwa msimamizi ni mfumo wa mashindano, kwa sababu ndio unaoamua tiketi ya kurudi. Tuseme wachezaji wa bao ni 32 na mabao ni 8, na kila mchezo tuupe saa moja. Saa moja si nyingi: kila mtu akiwa na 22 mkononi, mna zamu 44 kabla hata ya kufika kwenye hatua ya mtaji, mikono ikiwa mitupu. Ikiwa ni mtoano, raundi ya kwanza ina michezo 16, inachezwa kwa awamu mbili, na raundi nne zinazofuata awamu moja moja. Jumla saa 6. Ongeza saa moja na nusu ya adhuhuri, alasiri na chakula, mnamaliza saa tisa na nusu. Lakini ikiwa ni makundi 8 ya watu wanne wanne, kila kundi lina michezo 6 kwenye bao lake, hizo ni saa 6 tayari. Ndipo washindi 8 waingie robo fainali, nusu fainali na fainali, saa 3 nyingine. Pamoja na mapumziko mnafika saa kumi na mbili na nusu jioni, hapo hakuna aliyechelewa na umeme haujakatika. Kwa hiyo treni ya Jumamosi usiku ifuteni kabisa kichwani. Kateni ya Jumapili, ya mchana au jioni.

Chakula cha asubuhi kisiwe cha mafuta mengi. Chapati na mihogo ya kukaanga ni tamu, ila mkono wenye mafuta unafanya komwe ziteleze na straika ikwepe kidole. Supu na kijiko, au chai na mkate. Kila mtu awe na kitambaa kikavu mfukoni, kwa sababu hata bila mafuta joto la Dar litawatoa jasho viganjani.

Hesabu ya hela nimeipiga hivi. Nauli ya SGR daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ilitangazwa Sh31,000 mwaka 2024. Itazame tena siku ya kukata. Watano kwenda na kurudi ni Sh310,000. Gesti tengeni Sh35,000 kwa chumba, vyumba vitatu usiku mmoja, Sh105,000. Chakula na maji Sh30,000 kila mtu, Sh150,000, maana kuanzia Jumamosi usiku mtakula kwetu. Nauli za mjini Sh10,000 kila mtu, Sh50,000. Hapo ni Sh615,000. Wekeni Sh60,000 ya dharura isiguswe, mfike Sh675,000, yaani Sh135,000 kila mmoja. Kiingilio cha mashindano kiko nje ya hesabu hii, na kichangwe mapema, kisije kikalipwa na hela ya dharura.

Jumamosi mkimaliza, kama Jangwani ni shwari, pandeni mwendokasi hadi Kivukoni mvuke na pantoni. Mkitoka usiku sana au mkisikia foleni, kodini gari moja la watu watano mje kwa darajani; mkigawana si mzigo, na hela ya dharura kazi yake ndiyo hiyo.

Ukishakata tiketi nitumie saa ya kufika na jina la gesti. Mama yako keshaanza kuchagua mchele, nami namwambia bado wiki tatu.

Baba yako