Lenzi moja, ukumbini hadi Mikumi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa Tanga, niko mwaka wa pili kazini. Natumia Sony a6400 na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 16-50 (namba ndogo huona pana, kubwa huvuta karibu). Kazi zangu ni sendofu, kicheni pati, harusi na mahafali, na mara moja moja nachukuliwa na vikundi vinavyokwenda Mikumi. Nimechoka na picha za ukumbini zilizojaa chenga, vile vidoa vidoa vya gizani. Fedha yangu ni ya lenzi moja tu ya kuzumu. Rafiki ananisukuma ninunue Tamron 18-300 ili nisihangaike tena. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umelalamikia chenga. Hujasema popote kwamba simba alikuwa mbali ukamkosa. Basi lenzi hii ichaguliwe na ukumbi, Mikumi tutaitafutia njia.

Chenga zenyewe zinaanzia hapa. Ukivuta lenzi yako hadi 50, tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka). Bibi harusi anaingia akicheza, unahitaji shata, yaani mlango wa mwanga, ifunguke na kufunga kwa walau 1/160 ya sekunde mikono yake isigeuke moshi, na taa za ukumbi ni zile za rangi, hafifu. Kamera haina pengine pa kupata mwanga, inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na hiyo ikipanda chenga zinaongezeka. Tuseme imefika 6400. Tundu la f/2.8 linapitisha mwanga mara nne ya lile la f/5.6, kwa hiyo picha ileile, kwa shata ileile, ungeipiga kwa ISO 1600. Kwenye a6400 tofauti hiyo huhitaji kuitafuta: itazame ngozi ya uso upande wa kivulini.

Sasa hiyo 18-300. Inaanza na f/3.5 ikiwa pana, inaishia f/6.3 ikivutwa yote, na ina gramu 620. Mchana wa Mikumi ni lenzi ya kufurahisha kweli: kwa sensa ya kamera yako, 300 inakuvutia karibu kama 450 kwenye fulu fremu, zile kamera zenye sensa kubwa kuliko yako. Mtu wa wanyama na safari za shule ningemwambia achukue. Wewe ukiingia nayo ukumbini utabaki na chenga zako zilezile, ila begi limeongezeka uzito. Nami nilipita humo. Lenzi yangu ya kwanza ndefu niliipeleka kwenye sendofu nikijiona nimemaliza. Taa zikapunguzwa ili keki iwashwe mishumaa, fokasi ikawa inakwenda mbele na kurudi bila kushika kitu. Mishumaa ilizimwa, nami sina picha hata moja. Mama mwenye shughuli ananikumbusha mpaka leo.

Zinazokufaa ni mbili: Sigma 18-50 f/2.8 na Tamron 17-70 f/2.8, na zote zinashika f/2.8 mwanzo hadi mwisho wa zumu. Sigma ni ndogo ajabu, gramu 290, unaweza kuisahau shingoni. Tamron ina 525. Hata hivyo kwa kazi zako ningechukua Tamron. Mwili wa a6400 hauna kituliza mtikisiko ndani yake, na Sigma nayo haina, Tamron inacho. Usidanganyike tu kwamba kitamtuliza anayecheza, hicho kinatuliza mkono wako. Utakiona faida kwenye pete, keki, mapambo ya ukumbi na video za kushika mkononi. Halafu kuna ile 70, inayoona kama 105 kwenye fulu fremu. Kanisani ambako padri hataki umsogelee, au unapotaka uso wa bibi harusi bila kumchokoza pua na lenzi, milimita 20 za ziada si jambo dogo.

Sony 16-55 f/2.8 G ni bora kwa ukali wa picha, lakini haina kituliza na bei yake ni ya juu kuliko hizo mbili. Pesa inayozidi hapo nunulia flashi. Sony 18-105 f/4 G iache kwa wenzetu wa video: hairefuki unapozumu, wao wanaipendea hilo.

Kabla hujatoa hela, fungua picha za shughuli zako tatu za mwisho, uangalie kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi. Zikirundikana kwenye 50, ulikuwa unatamani kuvuta zaidi na Tamron itakuponya. Zikirundikana kwenye 16, ulikuwa umebanwa ukutani kwenye sebule ya mtu, na hapo hata 17 itakubana kidogo zaidi. Ndiyo maana nasema ile 16-50 usiiuze. Haikupi fedha ya maana, na inakaa mfukoni.

Siku ya Mikumi kodi Sony 70-350 kwa mwenzako. Safari mbili tatu kwa mwaka hazidai uimiliki.

Ukinunua iliyotumika, zingatia kwamba pwani yetu ina unyevu na kuvu hupenda vioo. Washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili: ukiona nyuzi kama za buibui, au ukungu usiofutika, mrudishie mwenyewe. Yako nayo ihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Zungusha pete ya zumu mwanzo hadi mwisho, isikwame wala isilegee. Na soma maandishi ya upande wa kufungia kwenye kamera: iwe ya Sony E, yaani mfungio wa kamera yako. Tamron hiihii ipo pia ya Fujifilm X, kwa nje ni pacha wake, na kwenye kamera yako haiingii.