Pengo kwenye fomu ya usiku

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni nesi katika wodi ya wagonjwa wa mlipuko. Tumeambiwa kila kifo kitapitiwa upya, faili kwa faili, na watu ambao hawakuwa zamu. Wenzangu wanasema anatafutwa wa kubebeshwa lawama. Nami nina usiku mmoja ambao fomu yangu ina pengo. Nifanyeje?
Nesi wa zamu ya usiku

JIBU: Marahaba. Nenda kikaoni, na hilo pengo ulitaje mwenyewe kabla hawajalifikia.

Nilikaa kwenye kamati ya namna hiyo wakati wa UVIKO-19. Kuna faili moja silisahau. Saa nane usiku oksijeni kwenye damu ya mgonjwa ilisoma asilimia 91. Mstari uliofuata ni wa saa kumi na moja alfajiri: 78. Katikati peupe. Mjumbe mmoja akavua miwani, akasema, "Huyu alilala."

Tukamwita nesi. Kumbe hakufumba jicho. Karatasi iliyoingia chumbani haikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo vipimo alikuwa akiviandika kwa kalamu ya wino kwenye kioo cha dirisha, mwenzake wa nje anakili. Usiku ule mwenzake aliitwa wodi nyingine. Oksijeni ikashuka 86, ikashuka 83, mgonjwa bado anaongea vizuri tu (ugonjwa ule ulikuwa na hila hiyo), na nesi anagonga kioo bila mtu wa kumwitia daktari. Asubuhi mfanya usafi akapita na dawa yake, kioo kikawa safi.

Wiki hiyohiyo kila chumba kikapata simu, na ikawa marufuku kuondoka dirishani kabla hujamkabidhi mtu. Tungemwandikia yule nesi barua ya onyo, kioo kingeendelea kufutwa.

Msomaji mzuri wa faili hufuata saa: mgonjwa alianza kuzidiwa lini, nani aliambiwa, ikapita muda gani. Juni 2020 ilipotangazwa kwamba dawa ya deksamethasoni inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni, nasi tukaongeza swali: alipewa? Saa ngapi? Mafaili mengi tuliyafunga bila kukuta kosa. Ila tusiwasubiri wajumbe mwezi mzima. Wakati wa mlipuko, kasoro ya Jumatatu huua tena Alhamisi.

Wenzako nao wasidharauliwe. Kama mwenyekiti wa kikao ndiye anayesaini barua za nidhamu, woga wao una sababu. Ombeni abadilishwe.

Jambo moja usilifanye kabisa: kulijaza pengo leo, hata kama namba unazikumbuka. Chukua karatasi ya pembeni, weka tarehe ya leo, andika unachokumbuka, mlikuwa wangapi zamu na wagonjwa walikuwa wangapi. Saini, uende nayo.